Nani amchore sange wa Ndundulu?

Mwaka 2005 dunia ilitangaziwa kipunji, kima wa misitu ya Rungwe na ya Ndundulu, huku kwetu Kilolo, mkoani Iringa. Hukaa juu mitini na si rahisi kumpiga picha, na sura yake mojawapo iliyosambazwa ilikuwa ya kuchorwa: manyoya marefu ya kahawia iliyochanganyika na kijivu, kishungi kilichosimama utosini, sharafa zilizotokeza mashavuni. Mchoraji ni Zina Deretsky, wa taasisi ya taifa ya sayansi ya Marekani. Jina lilitoka kwa Wanyakyusa, waliomjua mnyama huyo kabla ya watafiti. Sura ikatoka ng'ambo. Simlaumu mchoraji, kazi yake ni safi. Ninachodai ni kwamba mkoa wenye viumbe adimu namna hii unahitaji watu wake wa kuwachora, tena kama kazi ya sayansi, si pambo la sebuleni.

Mtu atauliza: mchoro wa nini, na kila mwenye simu ana kamera? Sange wa Ndundulu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, anatosha kujibu. Mwaka huohuo wa 2005 kamera zilizotegwa msituni zilimnasa sange mwenye uso wa kijivu ambaye hakufanana na waliojulikana. Picha hizo ziliamsha swali, hazikulimaliza. Watafiti walirudi kumkamata, wakampima na kumkagua mkononi, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 2008. Ana makalio meusi na mbavu za rangi ya machungwa, lakini kwenye kivuli cha msitu weusi ule humezwa na udongo, na jani moja likipita mbele ya kamera mguu haupo tena. Kamera huonyesha mnyama mmoja kwa nukta moja ya wakati. Mchoraji huwatazama kadhaa, huacha kovu la huyu na tope la yule, akabakiza kinachowatambulisha wote. Ndiyo maana kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika Mashariki, kilichotolewa kwa sehemu kuanzia 1952 hadi 2012 na kubeba zaidi ya spishi 12,000, kimejaa michoro ya wino: ua limepasuliwa katikati, mbegu imekuzwa, hata vinyweleo vya jani vinaonekana.

Wengine watasema wachoraji wa wanyama tunao, na watataja Tingatinga. Ninaipenda kazi aliyoianzisha Edward Saidi Tingatinga Dar es Salaam mwaka 1968, ila madoa ya chui wake yamepangwa yapendeze, hayakuhesabiwa. Ni kazi nyingine. Wa karibu zaidi ni Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tabora, 1935, aliyefundisha sanaa Makerere na kutoa kati ya 1971 na 1982 vitabu vya mamalia wa Afrika Mashariki ambamo alichora hadi misuli iliyo chini ya ngozi. Mtoto wa familia ya Kiingereza, ndiyo, mwenye nafasi ambazo jirani zake hawakuwa nazo. Hilo lenyewe ni hoja ya kuzitafuta nafasi hizo sasa.

Pingamizi zito ni la tumbo: nani atamlipa mchoraji? Sitadanganya kwamba Iringa inaweza kulisha wachoraji hamsini wa mende na okidi. Lakini mwanafunzi wa baiolojia tayari anachora: penseli iliyochongwa, mstari usiokatika, hakuna kutia kivuli, majina pembeni. Kasoro ni kwamba mara nyingi ananakili mchoro wa ubaoni, ambao nao umenakiliwa kitabuni, huku panzi mwenyewe akiruka nje ya dirisha. Chuo cha Mkwawa kinaandaa walimu wa sayansi papa hapa mjini. Walimu hao wakifundishwa kuchora kwa kutazama kiumbe chenyewe, gharama ni penseli na subira. Makumbusho ya Boma yana kuta za kutundikia michoro yao. Na karatasi ipo: ile ya kinyesi cha tembo, iliyoanza kutengenezwa katika karakana ya Neema Crafts hapa Iringa mwaka 2003, pengine ina chembe nyingi mno kwa mguu wa panzi, ila kwa manyoya ya kipunji ningeijaribu.