Amana ya Majina katika Picha za Wasserkuppe

Juu ya Wasserkuppe, mlima wa Ujerumani wenye kimo cha mita 950, ndiko yalikoanzia mwaka 1920 mashindano ya Rhön ya glaida, ndege zisizo na injini, baada ya mkataba wa Versailles kuwafungia Wajerumani njia ya ndege za mitambo, na baada ya Oskar Ursinus, mhariri wa jarida la Flugsport, kuwaita vijana waje kuujaribu upepo. Mashindano hayo yaliendelea hata mwaka 1939, na picha zilizopigwa huko zimetawanyika katika makumbusho, minada na masanduku ya warithi, nyingi zikiwa hazina maandishi hata herufi moja. Rai yangu ni kwamba kuzitambua picha hizo ni kazi ya amana, na kwamba jina lisilo na yakini halistahili kuandikwa kana kwamba lina yakini.

Mtambuzi mwenye subira huanza pasipo na uso wa mtu. Tai wa shaba aliyesimamishwa mlimani kwa ukumbusho wa marubani waliokufa vitani alizinduliwa mwezi wa Agosti 1923. Akionekana nyuma ya umati, picha haiwezi kuwa ya kabla ya hapo, lakini asipoonekana si dalili ya lolote, kwani huenda kamera ilielekezwa upande mwingine. Kadhalika mkia wenye swastika hutupeleka mwaka 1933 au baadaye, na mabawa yaliyopindika mfano wa mabawa ya shakwe, ambayo mbunifu Alexander Lippisch aliyatia katika glaida ya Fafnir ya mwaka 1930, hutia shaka kubwa katika picha idaiwayo kuwa ya mashindano ya kwanza.

Hata hivyo, kuijua ndege si kumjua rubani. Vampyr, iliyotoka kwa wanachuo wa Hannover, hutambulikana upesi kwa bawa lake nene na kwa mipira iliyochomoza chini ya tumbo mahali pa magurudumu. Arthur Martens alikaa nayo angani zaidi ya saa 1 tarehe 18 Agosti 1922. Siku chache baadaye mwenzake Hentzen, katika ndege ile ile na juu ya mlima ule ule, akapita saa 3. Na mwaka 1921 ilikuwa imekwisha kushindana. Basi mtu aletapo picha ya Vampyr ikiwa mbali angani, kichwa cha rubani hakionekani sura, kwa hoja gani atasema ni Martens wala si Hentzen? Akijibu kwamba ni lazima iwe safari ile mashuhuri kwa sababu ni mashuhuri, ameiacha elimu na kuyafuata matamanio. Nami naliona kosa hilo kuwa zito kuliko kuiacha picha bila jina, kwa kuwa jina la uongo likichapwa mara moja hunukuliwa na kitabu cha pili na cha tatu, hata cha tatu kikatolewa ushahidi wa kukisadikisha cha kwanza.

Kinachonihuzunisha zaidi ni hali ya watu wa kamba. Glaida za zama zile zilirushwa kwa kamba ya mpira iliyotundikwa puani mwa ndege, vijana wakagawanyika safu mbili na kuivuta wakiteremka mbio mlimani, huku wengine wameuzuia mkia mpaka itolewe amri ya kuuachia. Bila ya miguu yao hapana rubani aliyepaa, na picha nyingi huwaonyesha wao kwa uwazi kuliko yeye, ilhali maelezo ya chini aghalabu humtaja yeye peke yake.

Kwa hiyo nawasihi wenye kuhifadhi picha hizi waandike, pamoja na kila jina, nani aliyelitoa na kwa dalili gani, wapambanue dhana na yakini bila ya kuona haya, na wachapishe mgongo wa picha pamoja na uso wake, maana muhuri wa mpiga picha na mwandiko wa kalamu ya risasi hukaa huko. Nao warithi wasizibandue picha katika albamu ili kuziuza mojamoja: kijana asiye na jina katika ukurasa mmoja, ameshika kamba, pengine ametajwa waziwazi katika ukurasa unaofuata, ameketi mezani na ndugu zake.