Karne ya Thogoto haitakamilika bila kutaja 1929

KANISA la mawe la Thogoto, eneo la Kikuyu, ambalo wengi hulijua kwa jina Church of the Torch, litatimiza miaka 100 mnamo 2033. Anayezifahamu desturi za Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki (PCEA) anajua kuwa maadhimisho ya aina hii huanza mapema. Kamati huundwa, sare hushonwa, mchango wa ukumbi au paa jipya hutangazwa, na mzee mmoja mwenye mwandiko mzuri huombwa kuandika kijitabu cha historia.

Kijitabu hicho ndicho chenye uzito. Keki italiwa na hema litakunjwa jioni hiyo hiyo, lakini kilichoandikwa ndicho watakachosoma wajukuu.

Sehemu kubwa ya historia yenyewe haina utata. Wamishonari wa Scotland walianzia Kibwezi mwaka wa 1891, homa ikawaangamiza, na mwaka wa 1898 Thomas Watson akauhamishia ujumbe huo Kikuyu. Alifariki mwaka wa 1900. Mkewe, Minnie, alibaki akifundisha hadi 1931. Hata jina Thogoto ni ulimi wa Wakikuyu ukijaribu kuwataja Waskoti. Hapo ndipo Jomo Kenyatta alipobatizwa mwaka wa 1914, na jirani hapo ndipo Alliance High School ilipofunguliwa mwaka wa 1926. Mwaka huo huo kanisa liliwatawaza wachungaji wake wa kwanza Waafrika, miongoni mwao Musa Gitau.

Ugumu unaanza mwaka wa 1929. Chini ya uongozi wa Dkt John Arthur, aliyekuwa amefika mwaka wa 1907, kanisa liliwataka washirika wake waape kuachana na tohara ya wasichana na kutojihusisha na Kikuyu Central Association, na wengi walitia kidole gumba kwenye kiapo hicho. Waliokubali waliitwa Kirore. Waliokataa walitengwa, walimu wakapoteza kazi na watoto wakafukuzwa shuleni. Vijijini ukavuma wimbo wa Muthirigu, uliowakejeli wamishonari na waliowaunga mkono, mpaka serikali ya kikoloni ikaupiga marufuku mwaka wa 1930. Washirika wengi mno walihama, wakajijengea shule zao wenyewe, kisha makanisa yao. Chuo cha ualimu cha Githunguri, kilichofunguliwa mwaka wa 1939, kilitokana na vuguvugu hilo.

Kwa hivyo jengo linalotarajiwa kushangiliwa lilifunguliwa miaka minne tu baada ya mpasuko huo, kidonda kikiwa bado kibichi.

Ni rahisi kamati kulipita jambo hili kwa sentensi moja, kwamba "kulikuwa na changamoto". Itakuwa dhuluma kwa pande zote mbili. Kuhusu wasichana, kanisa halikukosea, kwani Sheria ya Kupiga Marufuku Ukeketaji ya mwaka wa 2011 imelithibitishia. Wanawake waliosimama na msimamo huo walipodhihakiwa na majirani zao wanastahili kutajwa kwa heshima. Lakini mtu anaweza kuwa na hoja ya haki na bado akaitetea kwa mkono wa mabavu. Kuchanganya mwili wa msichana na uanachama wa chama kilichodai mashamba yaliyonyakuliwa kulifanya suala la afya ligeuke suala la ardhi na utawala, na waliokataa kutia kidole hawakuwa wote wakitetea wembe.

Kuna pia suala la pesa. PCEA imejenga jina lake juu ya neno Jitegemea, na ni Mchungaji John Gatu, akiwa katibu mkuu wake, aliyeushtua ulimwengu wa Kikristo mwaka wa 1971 kwa kutaka wamishonari na fedha za kigeni zisitishwe kwa muda. Itakuwa kinaya wazao wake kuzingojea bahasha za wanasiasa ili kulipia karne yao. Kanisa la Anglikana liliwazuia wanasiasa kuhutubia ibadani mwaka wa 2021, na mwaka wa 2024 Jimbo Kuu la Katoliki la Nairobi lilikataa mchango wa Rais. Baada ya hayo, hakuna kamati itakayoweza kudai kwamba haikuonywa.

Walioshuhudia mwaka wa 1929 wakiwa watu wazima hawapo tena. Waliosalia ni watoto na wajukuu wao, wengi sasa wazee, wenye picha zilizofifia na masimulizi ambayo hayajarekodiwa. Kinasa sauti na vijana wachache wa kanisa wanatosha kuifanya kazi hiyo kabla hema halijakodiwa. Vilevile, African Independent Pentecostal Church of Africa, iliyochipuka kutoka kwa waliohama, bado ina waumini Kiambu na Murang'a. Barua ya kuwaalika waketi viti vya mbele siku hiyo haihitaji harambee.