Wakuba Walipowindana Ziwani Mwetu

Vijana wengi wa Kasingirima na Ujiji wamepata kusikia kwa wazee wao ya kuwa mwaka 1965 Che Guevara alipita Kigoma, akavuka Ziwa usiku kwenda kuwasaidia waasi wa Kongo. Habari hiyo husimuliwa kwa fahari. Lakini ni wachache wanaosimuliwa nusu yake ya pili, nayo ndiyo nzito zaidi. Maboti ya mbio yaliyokuwa yakimwinda kutoka Albertville, mji tunaouita leo Kalemie, yaliendeshwa na Wakuba. Che mwenyewe alizaliwa Ajentina, bali askari aliokuja nao, zaidi ya mia moja, walikuwa Wakuba pia. Basi Mkuba alimlenga Mkuba bunduki katika maji tunamovua migebuka na dagaa, na hapana hata mmoja wao aliyekuwa na shamba wala kaburi la babu pande hizi.

Ndugu mwanachama, ndugu mfanyakazi, jambo kama hili haliji kwa bahati mbaya. Kulielewa hatuna budi kurudi nyuma hadi mwaka 1898.

Mwaka huo Marekani ilikuwa imekwisha kulienea bara lake hadi pwani ya magharibi, na viwanda vyake vilikuwa vikitafuta wanunuzi ng'ambo. Kisiwani Kuba wananchi walikuwa wakipigana na Wahispania tangu 1895. Tarehe 15 Februari manowari ya Marekani iitwayo Maine ikapasuka bandarini Havana, mabaharia zaidi ya 250 wakafa. Chanzo cha mlipuko ule wataalamu wanabishana juu yake mpaka leo, lakini magazeti ya New York hayakusubiri wataalamu. Yalikwisha kutoa hukumu. Mwezi Aprili vita vikatangazwa, na Agosti mapigano yakasimama. Kwa Mkataba wa Paris wa Desemba Marekani ikapata Puerto Rico, Guam na Ufilipino, hii ya mwisho kwa malipo ya dola milioni 20 yaliyokwenda Hispania. Hawaii nayo ilitwaliwa mwaka huohuo. Wafilipino walipodai uhuru wao walipigwa vita tangu 1899. Na Wakuba, waliomwaga damu miaka mitatu kabla Mmarekani hajafika, hawakuwekewa kiti katika meza ya Paris.

Mwaka 1902 Kuba ilipewa bendera yake. Lakini katiba yake ilitiwa sharti kwamba Marekani yaweza kuingilia mambo ya nchi itakapoona inafaa. Sharti hilo liliondolewa mwaka 1934. Kituo cha manowari cha Guantánamo, kilichokodishwa mwaka 1903, hakijaondolewa hata leo. Sisi tuliotawaliwa na Mjerumani, kisha Mwingereza, twamjua mtawala kwa bendera yake mlingotini. Huko Kuba Marekani ilijifunza ya kuwa bendera si lazima, maadamu sukari inapita na kituo kipo.

Ilipoingia katika Vita Kuu, tarehe 6 Aprili 1917, mabenki yake yalikuwa yamekwisha kuwakopesha Waingereza na Wafaransa fedha nyingi, na nyambizi za Wajerumani zilikuwa zikizamisha merikebu zake. Kigoma wakati huo ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji tangu Julai 1916, na Goetzen, ambayo ndiyo Liemba yetu, ililala chini ya maji ilikozamishwa na Wajerumani wenyewe. Rais Wilson alihubiri haki ya mataifa kujiamulia mambo yao. Mahubiri mazuri. Lakini amani ilipogawiwa, Tanganyika ilipewa Mwingereza, Ruanda na Urundi zikapewa Mbelgiji, wala hapana aliyemwuliza Mha, Mmanyema au Mbembe.

Kongo ilikuwa na kitu ambacho Kuba haikuwa nacho. Katika mgodi wa Shinkolobwe, huko Katanga, ndimo yalimotoka madini mengi ya urani yaliyotumiwa kutengeneza bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Nchi yenye hazina ya namna hiyo haikuweza kuachwa ichague marafiki wake yenyewe. Lumumba aliuawa Januari 1961, na uchunguzi wa Baraza la Seneti la Marekani ulikiri mwaka 1975 ya kuwa shirika la ujasusi la CIA lilikuwa limepanga kumwua kwa sumu, ingawa waliomwua hatimaye walikuwa wengine.

Mwaka 1964 waasi wa Simba wakaiteka Albertville, kisha Stanleyville. Tuseme kweli: waasi wale hawakuwa malaika. Waliwaua Wakongo wengi, hasa waliosoma, na waliwashika mateka wageni wengi. Mzee Kenyatta, kwa niaba ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, alikuwa bado akisuluhisha Nairobi wakati askari wa miavuli wa Kibelgiji walipoangushwa Stanleyville tarehe 24 Novemba kutoka ndege za Kimarekani. Marubani walioipigania serikali ya Kongo angani walikuwa Wakuba waliomkimbia Fidel Castro, wakalipwa na CIA. Baadhi ya wenzao walikuwa wameshindwa katika Ghuba ya Nguruwe mwezi Aprili 1961. Kuja kwao Kongo kulikuwa mwendelezo wa vita vya kwao katika nchi ya watu. Ardhini walikuwapo mamluki wa Mike Hoare. Mwaka 1965 yakaongezwa maboti ya Ziwani.

Hebu tuzitazame tarehe. Tarehe 8 Machi 1965 askari wa majini wa Marekani walitua Da Nang, Vietnam. Mwezi uliofuata Che, aliyeitwa Tatu kwa Kiswahili ili jina lake lisijulikane, akavuka kutoka pwani yetu. Mwisho wa mwaka Marekani ilikuwa na askari wapatao 184,000 Vietnam. Naye Che alikuwa amekwisha kurudi Kigoma, ameshindwa, na yeye mwenyewe hakuficha kwamba ameshindwa. Vietnam Marekani iliingia kwa jina lake, ikazika vijana wake zaidi ya 58,000, na raia wake wakajaa barabarani kupinga. Kongo iliingia kama Yakobo aliyejivika ngozi za mbuzi: anayepapasa aone mikono ya mwingine. Rubani ni Mkuba, mwenye mwavuli ni Mbelgiji, mwenye bunduki ni wa kukodiwa. Majeneza hayakurudi Marekani, maandamano hayakuwapo, na Mobutu akatawala miaka 32. Kwa maoni yetu vita vya namna hii ya pili ni vya hatari zaidi kwa nchi ndogo, maana huko vinakoamriwa hapana mama anayelia.

Nasi tulikuwa na makosa yetu. Novemba 1964 serikali yetu ilitangaza kuwa imepata barua za njama ya Kimarekani dhidi yetu, na barua zile zikaonekana baadaye kuwa za kughushi. Januari 1965 maofisa wawili wa ubalozi wakafukuzwa, na uhusiano uliojengwa Mwalimu alipomtembelea Rais Kennedy mwaka 1963 ukaharibika sana. Palikuwa na sababu za kweli za kulalamika, nazo zilikuwa zikiruka angani juu ya Kongo. Hatukuhitaji karatasi za uongo.

Leo hapana maboti ya CIA Kalemie. Tarehe 4 Desemba 2025 marais wa Kongo na Rwanda walitia saini mapatano yao Washington, na siku hiyohiyo Marekani na Kongo zikapatana pia juu ya madini. Kabla wiki haijaisha waasi wa M23 waliingia Uvira, ncha ya kaskazini ya Ziwa letu, na watu wakakimbia tena. Kambi ya Nyarugusu imewapokea Wakongo tangu 1996. Watoto waliozaliwa humo sasa ni wazazi.

Tena liko jambo linalowahusu moja kwa moja makuli na mabaharia wa bandari yetu. Marekani imetoa mkopo wa dola milioni 553 kwa reli ya Lobito, Angola, ili shaba na kobalti ya Katanga ielekee Atlantiki. Reli yetu ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, ambayo mkataba wake ulitiwa saini mwaka 2022, yataka mzigo wa Kongo uje mashariki. Mwenye Lobito hahitaji kutuma boti hapa. Akipunguza nauli tu, magati yetu yatakuwa matupu. Wabunge wa mkoa huu na viongozi wa bandari hawajatueleza hadharani mzigo wa Kalemie utavutwaje huku. Wanachama wa matawi ya Ujiji, Kibirizi na Kasingirima wana haki ya kuwauliza katika mkutano ujao, na kudai jibu lenye hesabu ya tani na shilingi.