Namba Iliyowadanganya Wenye Elimu

Wanafunzi wengi wanajua kwamba 7 haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Namba za namna hiyo huitwa namba tasa. Leo twataka kuwaonyesha namba moja kubwa iliyodhaniwa kuwa tasa kwa miaka zaidi ya 200.

Andikeni 2 mara tatu na kuzizidisha: mtapata 8. Ondoeni 1, inabaki 7, nayo ni tasa. Ziandikeni mara tano, mtapata 32. Ondoeni 1, inabaki 31, tasa tena. Lakini msishangilie upesi. Mkiziandika mara kumi na moja, mwisho hubaki 2047, nayo ni 23 mara 89.

Mwaka 1644 Padri Marin Mersenne, Mfaransa, mtawa wa shirika la Waminimi, alitoa orodha ya namba za namna hii alizoziona kuwa tasa. Humo alitia ile ya mara 67, yaani 147 573 952 589 676 412 927. Uthibitisho hakutoa. Hatumlaumu, maana kwa kalamu na karatasi nani angeipima? Tena aliiacha ile ya mara 61, ambayo ni tasa kweli. Padri wa Urusi, Ivan Pervushin, ndiye aliyeitambua mwaka 1883.

Mwaka 1876 Édouard Lucas alihakikisha kwamba ile ya mara 67 si tasa. Ajabu ni hii: hakuweza kusema inagawanywa na nini! Ni kama mfinyanzi agongaye chungu kwa kidole, akajua kwa sauti yake kwamba kina ufa, ingawa ufa wenyewe hauoni.

Ufa ulionekana mwaka 1903, mjini New York. Frank Nelson Cole alisimama mbele ya mkutano wa wanahesabu, na yasimuliwa kwamba hakutamka neno. Alizidisha ubaoni 193 707 721 kwa 761 838 257 287, tarakimu kwa tarakimu, na jibu likawa ile namba yenyewe. Watu wakapiga makofi, naye akarudi kuketi.

Ninyi wanafunzi, mwaweza kumpima. Jumlisheni tarakimu za namba yake ya kwanza: 37, 3 na 7 ni 10, 1 na 0 ni 1. Ya pili hutoa 64, kisha 10, kisha 1. Sasa 1 mara 1 ni 1. Ile kubwa nayo hutoa 109, kisha 10, kisha 1. Zimepatana. Njia hii hushika makosa mengi, si yote. Atakaye hakika kamili na achukue karatasi pana, azidishe mwenyewe.