Changa la macho halinunuliwi

Wiki hii nakupeleka sebuleni kwetu Sinza, ambako bi mkubwa alitobolewa tumbo mchana kweupe na mwanawe wa kumzaa. Usishtuke, hakuna aliyekimbizwa Muhimbili. Alitobolewa kwenye video.

Mhusika ni mdogo wangu, yuko mwaka wa mwisho chuo kikuu, anasomea filamu. Usiku mmoja kaja, sura imemshuka. "Shikamoo braza. Nina shida na laki nne."

Nikajua tayari, kampa mtoto wa watu mimba. Kumbe ni mradi wa kumalizia masomo! Kachagua kuchunguza changa la macho la kwenye sinema: mtu kupaa, mtu kuyeyuka, nyumba kuungua bila kuungua. Bumu lilishaliwa zamani, zimebaki wiki tatu, na kuna jamaa mjini ambaye kwa laki nne anakutengenezea kila kitu. Wewe unaweka jina lako, unakwenda kuchukua maksi.

Nikamwambia laki nne sina, na ningekuwa nazo nisingetoa. Nikampa elfu thelathini na simu yangu ya kupigia picha. Alininunia, lakini kesho yake alirudi kutoka Kariakoo na kitambaa cha kijani mita nne.

Kama hujui mchezo wenyewe, ni hivi. Unampiga mtu picha mbele ya kitambaa hicho, halafu unaiambia kompyuta ifute kila kilicho kijani, uweke unachotaka: mawingu, bahari, hata mwezi. Kijani kinapendwa kwa sababu kiko mbali na rangi ya ngozi ya binadamu, tena kamera nyingi za siku hizi zina vidude vya kunasa kijani mara mbili ya vile vya kunasa nyekundu au buluu. Programu nayo haikutaka mkwanja. Ipo Blender, ya bure kabisa, na filamu ya Flow iliyotengenezwa kwa Blender ilinyakua tuzo ya Oscar mwaka 2025.

Jaribio la kwanza mwigizaji alikuwa bi mkubwa, kapendeza na kitenge cha maua ya kijani. Kompyuta haijui mzazi ni nani. Ilifuta kitambaa, ikafuta na maua, mawingu yakawa yanapita tumboni mwa mama. "Ndiyo mnayosomea huko? Mmenitoboa kama chekeche!"

La pili, kitambaa kilikuwa na mikunjo na taa ilikuwa moja. Penye kivuli kompyuta iliona kijani kingine, ikaacha mabaka. Kikapigwa pasi, mapazia yakafunguliwa, mwanga ukaenea sawasawa.

La tatu, mama alisimama karibu mno na kitambaa, mwanga wa kijani ukadunda hadi mashavuni, akawa kama kinyonga. Akasogea mbele hatua nne, ukijani ukaisha.

La nne lilimkosesha dogo usingizi. Kingo za nywele zilikatika ngazi ngazi, na taa haikusaidia. Sababu aliipata baada ya kusoma sana: simu nyingi, ili video isijaze nafasi, hurekodi mwanga wa kila nukta, lakini rangi moja hugawana nukta nne. Kompyuta inakata kwa kufuata rangi, kwa hiyo inakata kwa kisu butu. Dawa? Bi mkubwa akafungwa kilemba chekundu.

Kila alipochemsha, dogo aliandika kwenye kauntabuku: tarehe, umbali, taa, kosa, sababu. Hapo ndipo nilipoona ameanza kusoma kweli.

Na asione haya. Mfaransa Georges Méliès, mcheza mazingaombwe, mwaka 1896 alitoa filamu ya mwanamke anayepotea kitini. Hakukuwa na kompyuta. Unasimamisha kamera, mwanamke anaondoka, unaendelea kupiga. Mwenyewe alisimulia kwamba alikuta siri hiyo siku kamera yake ilipokwama barabarani Paris, na kwenye picha basi likageuka gari la maiti. Yaani mkongwe huyo naye alianzia kwenye kimeo! Dogo alijaribu ya Méliès pia, kamera juu ya stuli. Mtoto wa jirani akagusa stuli, chumba kizima kikaruka. Akaandika.

Siku ya kujieleza mbele ya walimu, filamu yake ya dakika mbili ilipita upesi. Mwalimu mmoja akauliza swali moja tu: mbona huyu mama kafungwa kilemba?

Dogo akafungua kauntabuku, akaongea dakika ishirini. Kapasi.

Sasa nakuuliza wewe unayemtafuta yule jamaa wa laki nne: ungeulizwa hilo la kilemba, ungesemaje? Ungetoa macho tu. Halafu kazini bosi akikupa kamera, utampigia simu jamaa aje akushikie? Katika biashara hiyo anayepigwa changa la macho si mwalimu. Ni wewe, na umelilipia mwenyewe.

Bi mkubwa naye anadai malipo yake ya uigizaji: kitenge kipya, rangi yoyote isipokuwa kijani. Ngoja nikakitafute. Tukutane wiki ijayo.