Tuhuma ya Majina Mengi
Mwezi Agosti 2015, wasimamizi wa Wikipedia ya Kiingereza walizifunga akaunti 381 na kuzifuta makala 210, baada ya kudhihirika dalili za kundi moja lililojificha nyuma ya majina yale yote, likiwatoza fedha wafanyabiashara na wasanii ambao makala zao zilikuwa zimekataliwa, kwa ahadi ya kuzichapisha na kuzilinda. Hadaa ya namna ile ilistahiki adhabu.

Lakini tuhuma si hukumu. Chombo cha wakaguzi, yaani wahariri waliopewa mamlaka ya kuchunguza kama akaunti kadhaa ni za mtu mmoja, huonyesha hasa anwani ya mtandao na aina ya kivinjari. Na katika miji yetu, ambamo umati wa watu hupitia anwani moja ya kampuni ya simu, na wanafunzi darasa zima huhariri Wikipedia ya Kiswahili katika chumba kimoja cha kompyuta, watu wasiojuana kabisa waweza kudhaniwa kuwa ni mtu mmoja. Twawasihi wakaguzi, ambao taabu yao isiyo na ujira twaikiri, wautazame pia mtindo wa uandishi, na wamsikilize mtuhumiwa kwa insafu kabla ya kumfungia mlango, kwani mgeni aliyefukuzwa kwa dhana aghalabu harejei tena.