Ni Nani Ampaye Mjumbe Posho?

Ndugu wanachama, wengi wetu twapenda kusemewa, lakini tukidaiwa ada twageuza nyuso. Natuutazame mji wa Merthyr Tydfil katika nchi ya Wales, ambao zamani riziki yake ilitoka katika chuma na makaa ya mawe.

Mwaka 1900 jimbo hilo lilikuwa na viti viwili katika Bunge la Uingereza, na kila mpiga kura aliruhusiwa kuchagua watu wawili. Kiti cha kwanza alikipata D. A. Thomas, tajiri mwenye machimbo ya makaa. Cha pili alikipata Keir Hardie, aliyeingia mashimoni huko Scotland akiwa mtoto wa miaka 10. Hardie alipata kura 5,745, na Pritchard Morgan, aliyekuwa Mbunge wa hapo, akapata 4,004. Hivyo tajiri na mchimbaji walitumwa pamoja.

Lakini hali zao hazikulingana. Siku zile Mbunge hakupewa mshahara. Mshahara wa pauni 400 kwa mwaka haukuanza mpaka mwaka 1911. Thomas aliweza kuishi kwa mali yake, bali Hardie alitegemea kalamu yake na michango ya wafuasi wake. Kama hao wangalifumba mikono, msemaji wao asingalidumu.

Kwa hiyo twasema wazi: amtumaye mjumbe na amlishe, asije akalishwa na mwingine akasahau aliyemtuma. Chama chetu nacho hakina hazina ila ada zetu. Haba na haba hujaza kibaba.